Kitabu Kilichotoka kwa Namba ya Tata

Watu wanaosema maktaba ni mahali pa utulivu wananiudhi. Wangekuja wakae nyuma ya ile meza ya mbao pale Kapata, mtaa wetu wa wachimbaji, wiki moja tu, wiki ile yangu, halafu waniambie utulivu gani.

Maktaba ilikuwa mali ya Kampani ya shaba, kama zilivyokuwa nyumba zetu, hospitali na unga wa kila mwezi. Kilikuwa chumba kimoja kirefu kando ya uwanja wa mpira, chenye rafu za chuma na madirisha ambayo vumbi jekundu halikuyaacha hata siku moja. Kuazima kitabu kulitaka kitu kimoja: namba ya kazi. Baba yako au mume wako akiwa na namba ya Kampani, unasoma. Asipokuwa nayo, unasimama dirishani. Na dirishani walikuwa wengi, wee! Watoto wa wachuuzi, wa madereva, wa walimu wa serikali, wengine wametembea kwa miguu kutoka Kasulo kuja kutazama migongo ya vitabu kupitia kioo. Kila saa kumi niliamriwa niwafukuze. Niliwafukuza kwa sauti kubwa, huku moyoni namtukana shefu, mkubwa wangu wa kazi.

Shefu wa maktaba alivaa abakosi, lile koti la serikali lisilo na tai, iliyonyooshwa vizuri, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichosha. Alivipenda vile vitabu, akavipangusa kwa leso yake mwenyewe, na alipokosekana kimoja hakula mchana. "Sitwayene," aliniambia siku yangu ya kwanza, maana ndivyo serikali ilivyotaka raia wa kike aitwe, "kitabu kikitoka bila namba, kimekufa." Sisi wafanyakazi wa mezani hatukuruhusiwa kuazima hata karatasi. Ukikamatwa, kazi imeisha.

Miongoni mwa watu wa dirishani alikuwepo msichana mmoja wa Kasulo. Baba yake, Mwislamu aliyetoka pande za Maniema, alikuwa na kamio, lori la kusafirisha chumvi na samaki wa kukauka mpaka Dilolo. Msichana alitaka kufanya mtihani wa kuingia shule ya wakunga, na kitabu cha ukunga kwetu kilikuwa kimoja, kinene, chenye jalada la kijani. Siku tatu alisimama pale, kitambaa kichwani, macho kwenye jalada lile. Siku ya nne nikatoka nje kwa hasira.

"We, unatafuta nini? Unataka kuniua?"

"Yaya, ile kitabu ya kijani," akasema, kama anayemwita dada yake mkubwa. "Unifungulie tu kwa ukurasa wa kwanza, mi nitasoma hapa kwa kioo."

Asome kwa kioo! Basi nilichemka, nikarudi ndani, nikavuta lile sanduku refu la kadi. Kila mfanyakazi wa Kampani alikuwa na kadi yake mle, apende asipende. Kadi ya tata, baba yangu mzazi, ilikuwa safi kama siku ilipotoka kwa mchapaji. Tata alichimba shaba miaka yote ya utu uzima wake, na hakujua kusoma hata jina lake. Nikaandika juu ya kadi yake kitabu cha ukunga, na jioni kitabu kikatoka kwa mlango wa nyuma, chini ya kikwembe nilichojifunga kiunoni. Na msichana tukapatana akirudishe baada ya majuma matatu.

Nilijiona mwerevu sana siku ile.

Jambo moja nilikuwa nimelisahau, na mtoto wa Kampani halisahau kitu kama hicho. Mfanyakazi akienda pensheni hupewa karatasi ya kuagia. Anaizungusha kila mahali: stoo ya vifaa, hospitali, kantini, ofisi ya nyumba. Kila mahali wanagonga muhuri kwamba mtu huyu hana kitu chetu. Na mahali pa mwisho pa kugongewa ni maktaba. Nilidhani tata amebakiza mwaka mzima. Jumatatu moja shefu akaweka mezani orodha ya watu wa pensheni, wangekuja Alhamisi, na namba ya tata ilikuwa ya tano. Behewa la mizigo la kurudi Kasai, asili yetu, lingeondoka Jumamosi. Asiye na karatasi kamili hapandi, na behewa lingine hakuna aliyejua litakuja lini.

Nilipiga mbio mpaka Kasulo bila hata kuaga. Mama wa yule msichana alikuwa anapepeta mchele.

"Alienda Kisenge na baba yake," akaniambia. "Dada yake eko karibu kuzaa. Alibeba na kitabu, hakiachi hata kwa kulala. Barabara imeharibika na mvua, mwanangu. Leo, kesho, mi sijui."

Nilituma salamu kwa kila dereva niliyemkuta sokoni. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Mchana wa Jumatano, shefu alipokwenda kula, nilifungua sanduku nikatoa kadi ya tata, nikachukua na kadi tupu. Kuandika upya ingekuwa dakika mbili. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya namba niliposikia viatu vyake kwenye saruji. Nikarudisha kadi ya kweli sandukuni, ile ya uongo nikaikunja ndani ya kiganja. Akasimama nyuma yangu, akanitazama, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu ni malaria. Akanipa ruhusa ya kwenda kumeza dawa, na hapo nikaona haya kuliko kama angenipiga kofi.

Nyumbani tata alikuwa anapiga pasi kombinezoni yake, vazi la mgodini, kwa pasi ya makaa. Karatasi ilikuwa juu ya meza, mihuri imejaa, nafasi moja tu nyeupe. Mizigo ilikwisha kufungwa kwa kamba za mkonge. Mama alikufa zamani, na wadogo zangu watatu wangebaki nami Kapata wamalize shule kwa mshahara wangu. Nilifungua kinywa nimwambie. Tata akasema, "Kesho wewe mwenyewe njo utanigongea. Mutoto wangu atafunga kazi yangu." Akacheka peke yake. Nikafunga kinywa. Nilikuwa mwoga, na hakuna neno lingine.

Alhamisi walikuja wote kumi na wawili, wamepanga mstari kama wako zamu. Shefu mwenyewe alikaa mezani pembeni yangu na sanduku. Mimi kazi yangu kugonga muhuri. Wa kwanza, safi. Wa pili, wa tatu, safi. Wa nne alikuwa na kitabu cha hesabu cha mwanawe, akakirudisha, wakacheka.

Tata akasogea. Akavua kofia, hakuniita mwanangu, akaniita sitwayene, kwa heshima ya kazi. Shefu akatoa kadi, akaisoma, akaisoma tena.

"Tata," akasema, "hapa kuna kitabu kiko kwako. Cha ukunga."

Kwa watu wetu wa Kasai, mwanaume mzima hatii mdomoni mambo ya kuzalisha, sembuse mbele ya binti yake. Mstari mzima ulinyoosha shingo. Halafu mmoja nyuma akapasuka kicheko, na wengine wakafuata.

"Haa! Tata mukunga! Muke wangu eko na miezi munane, nikuite?"

Shefu hakucheka. Alianza kugeuza kichwa, polepole, kunielekea mimi. Tata naye alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alikwisha kunijua toka nikiwa mgongoni mwa mama.

"Ni yangu," tata akasema. "Mi mwenyewe njo nilikikamata. Sijamaliza kusoma."

"Tata, unajua kusoma?"

"Nasoma polepole."

Kicheko kikazidi. Shefu akarudisha karatasi bila muhuri, akasema kwa sauti ya chini kwamba kitabu kikirudi, karatasi itagongwa. Tata akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akatoka na kofia mkononi.

Jumamosi behewa lilienda bila yeye. Mizigo ilibaki imefungwa katikati ya nyumba, tukawa tunairuka kwenda kulala. Kapata nzima ilimwita Tata Mukunga. Watoto walimwimbia bombani. Wakati mwingine alitabasamu, wakati mwingine hapana. Nilimwangukia miguuni, nikalia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinifanya niseme bongo," akasema, yaani uongo. "Toka nizaliwe, sijasema bongo kwa shefu."

Ni hayo tu. Hakunigombeza, na mimi nilitamani anigombeze. Kila siku baada ya hapo alikuja maktaba saa tisa, akaketi meza ya mwisho, akafungua kitabu chochote na kugeuza kurasa moja moja, kwa sababu alikuwa amesema anasoma. Shefu alimwona. Mimi nilimwona. Tulipangusa rafu zilizokwisha kupanguswa.

Siku ya tisa kamio la Dilolo likaingia. Msichana hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwetu, kitabu kimefungwa ndani ya kitambaa. Nilikuwa kazini. Majirani waliniambia baadaye kwamba tata alimkalisha barazani, akazima jiko, na wakaongea mpaka jua likainama.

Kesho yake tata alivaa tena kombinezoni. Maktaba ilikuwa imejaa, maana habari ilikwisha kuzunguka. Akaweka kitabu cha kijani mbele ya shefu.

"Umemaliza, tata?" shefu akauliza. Alikuwa anamjaribu, au alikuwa anamhurumia, mpaka leo sijui.

"Nimemaliza."

"Ulijifunza nini?"

Watu walijisogeza. Mimi nilishika ukingo wa meza.

"Kama mutoto anatanguliza miguu," tata akasema, "hapana kumuvuta. Bote banataka kuvuta, juu ya woga. Ukivuta, unamuua, pengine na mama yake. Unamuachia mama asukume, unashika mikono yako, unangoja. Huko Kisenge juma hili mwanamuke mumoja alizaa vile. Batu balitaka kuvuta. Kukakuwa mutu mumoja alikuwa na hiki kitabu, akabakataza. Eko muzima, na mutoto eko muzima."

Hakuna aliyecheka. Mke wake mwenyewe, mama yangu, alifia katika uzazi, na mtoto alitanguliza miguu. Kapata nzima ilijua. Tata hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yangu tangu siku ile.

Shefu alivua miwani, akaipangusa kwa ile leso ya vitabu. "Huyo mtu wa Kisenge," akauliza, "baba yake ana namba ya Kampani?"

"Hana," nikasema mimi. Sauti ilinitoka tu. "Nilimpa mimi, shefu. Kwa namba ya tata."

"Nilijua toka Alhamisi ile," akajibu. "Gonga muhuri."

Nikagonga. Sheria ilitaka kadi ya anayeaga ipasuliwe mbele yake. Vidole vyangu vilikataa. Tata akaichukua, akaipasua mwenyewe, akaniwekea vipande mkononi.

Jumatatu shefu alileta daftari jipya, juu yake ameandika kwamba ni la wasomaji wa nje. Mtu asiye na namba angeandikwa humo, akiwa na mfanyakazi mmoja wa kumdhamini. Watu wa dirishani waliingia kwa mlango. Yule msichana alikuwa wa kwanza kusogea, lakini tata, aliyekuja kuniaga maana behewa lilikuwa limepatikana, akamwomba ampishe.

"Andika mi," akasema. "Sina tena namba."

"Tata, kesho unasafiri."

"Andika tu."

Nikamwandika wa kwanza, nikamdhamini mwenyewe. Jina lake likabaki kichwani mwa ukurasa ule, na upande wa vitabu haukuandikwa kitu mpaka nilipoacha kazi.