Wifi Wilhelmina na Dude la Kulalia

Kama una chakula mbele yako, maliza kwanza kula. Habari hii ina mate na kamasi, na mimi sina namna ya kuisimulia bila vitu hivyo, maana niliviosha kwa mikono yangu.

Wilhelmina ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki nilihamia kwake Ifakara, nyuma ya soko, tukawa tunauza samaki meza moja. Yeye anapasua, mimi napima na kubishana na wateja. Mwanamke yule hakuwa na kinyaa hata chembe. Kambale wa juzi, ambaye mimi namshika kwa vidole viwili huku nimegeuza uso, yeye anamwingiza mkono mpaka kwenye kifundo, anatoa matumbo, anajifuta kwenye khanga, anamega mandazi anakula. Nikimsema ananiambia, "Wifi, samaki ni samaki."

Ila alikuwa analala. Usiku sawa, kila mtu analala. Huyu alikuwa analala popote. Anapasua perege, kisu bado kimo tumboni mwa samaki, kichwa kinashuka, tayari anakoroma. Na mkoromo wenyewe haukuwa wa mtu aliyechoka. Anavuta, anavuta, halafu kimya. Kimya mpaka unaacha kazi yako unamwangalia. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, na inzi hao wanatua. Mteja anaangalia samaki, anaangalia mate, anakwenda meza ya pili. Sokoni wengine walisema karogwa, wengine walisema anakunywa. Uongo mtupu. Wilhelmina hata togwa iliyochacha hanywi.

Sasa, binti yake Digna alikuwa ameolewa Kidatu na kijana wa kwenye mashamba ya miwa, Lukelo, mtu wa Njombe. Akapata mimba ya kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza, mama wa mzazi ndiye anayekwenda kukaa naye arobaini yote. Anamkanda maji ya moto, anampikia uji, na usiku anampakata mtoto ili mzazi alale. Wilhelmina alikuwa ameshanunua khanga za kwenda nazo, na ukikaa naye huongei kingine ni hicho tu. Nilichoka kusikia.

Digna akaja kutusalimia, tumbo limeshakuwa kubwa. Siku hiyohiyo jirani alikuja kumwachia Wilhelmina mtoto wake mchanga ili akachote maji bombani. Wilhelmina akakaa mkekani na mtoto mapajani. Mimi na Digna tuko jikoni. Tulipotoka, wifi alikuwa ameanguka ubavu, anakoroma, na mtoto yuko chini yake, uso umezama kwenye titi. Digna alimvuta mtoto kwa mguu. Mtoto akalia, namshukuru Mungu, akalia sana. Mama yake aliporudi alisamehe. Digna hakusamehe.

"Mama, wewe usije kwangu," alisema akiwa amesimama, hata mkoba ameshauvaa begani. "Nitamwita mama mkwe."

Akaenda zake kupanda basi. Wilhelmina akabaki pale mkekani, nywele zimetimka, alama za ukindu shavuni.

"Wifi," akaniuliza, "hivi ningemuua?"

"Ungemuua," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na pia ilikuwa kweli.

Kulikuwa na daktari wa Kizungu, mzee, mteja wetu wa perege. Wiki hiyo akaja mezani akamkuta Wilhelmina amelala na kisu mkononi. Akasimama kumsikiliza muda mrefu. Nilijua na yeye ataondoka. Badala yake akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko cha watoto wa sokoni, "Mama huyu na mimi tuna ugonjwa mmoja." Akatueleza. Mtu akilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unamwamsha ili asife, na hivyo hivyo mpaka asubuhi. Anadhani amelala, kumbe hajalala, ndiyo maana mchana anaanguka. Yeye ana mashine inayosukuma hewa kwa bomba mpaka puani. Ameletewa mpya, ile ya zamani atamwazima mama.

Nyumba yetu haikuwa na umeme. Ikakubaliwa kwamba Wilhelmina akitoka sokoni aende akalale mchana hospitalini, kwenye chumba kidogo, chini ya usimamizi wa Sista Odilia, muuguzi. Hebu fikiria. Soko zima linajua Wilhelmina anakwenda hospitali kulala.

Kwanza walimpa kifuniko cha pua tu. Upuuzi. Hewa iliingia puani ikatokea mdomoni, midomo ikawa inapigapiga na kumrushia Sista Odilia mate kwenye miwani. Daktari akasema huyu anapumua kwa mdomo, akaagiza kwao barakoa ya kufunika pua na mdomo pamoja. Ilipofika, Sista alichana mfuko wa nailoni mbele yetu. Likatoka dude la mpira laini, kubwa kama sahani ya mtoto, lina mikanda ya kufungia kisogoni na tundu la kuingizia bomba. Linanuka ndara mpya iliyoachwa juani.

"Vaa wewe kwanza, wifi," Wilhelmina akaniambia.

Nikavaa. Sista akawasha mashine, upepo ukanishindilia kooni, mashavu yakajaa, ladha ya mpira ikanishuka mpaka tumboni. Sikumaliza hata Salamu Maria moja. Nikalivua nikasema, "Zuri tu."

Akafungwa yeye. Alikaa kidogo, jasho likaanza kumtiririka pembeni mwa pua na kuingia humo ndani, mikono ikapanda juu, akalivuta kwa nguvu mpaka mkanda ukamchana sikio.

"Linanuka."

"Ni mpira, mama," Sista akasema. "Harufu itaisha."

"Si mpira. Linanuka mdomo wangu." Akaliangalia ndani, akanigeukia. "Wifi, mimi nanuka hivi siku zote?"

"Tangu nikujue."

"Na kaka yako mbona hakuniambia?"

"Kaka yangu alikuwa na mafua yasiyopona."

Sista alicheka. Wilhelmina hakucheka. Alilishika lile dude mbali na uso wake, akalitazama jinsi lilivyolowa ukungu wa pumzi yake na uzi wa mate, na pale kwa mara ya kwanza nikaona kinyaa kwenye uso wa yule mwanamke. Akaliweka kitandani, akasema yeye halivai tena, bora alale mpaka kiama. Tukarudi nyumbani, na njia nzima alifunika mdomo kwa khanga.

Siku chache baadaye Lukelo akapita sokoni. Alisimama mbele ya meza, macho chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama yangu amekubali kuja, mtoto akizaliwa. Digna kaniambia nikujulishe."

"Mwambie karibu," Wilhelmina akasema, akaendelea kupasua. Alipasua mpaka ndoo ikaisha. Kisha akasugua meno kwa mkaa hadi fizi zikatoa damu, akajitanda khanga, akashika njia ya hospitali bila kuniaga. Nikamfuata, ningefanyaje.

Ndipo mateso yangu yakaanza. Maana yeye kazi yake ilikuwa kulala, na yangu kuliosha. Mnajua joto la Ifakara mchana. Fungia uso wa mtu mnene ndani ya mpira katika joto lile, uone. Lilikuwa likivuliwa linatoa sauti ya kubanduka, jasho na mate vimekusanyika chini ya kidevu vinadondokea kwenye bomba, kamasi zimeganda kwenye mikunjo. Sista akanifundisha: maji ya uvuguvugu, sabuni, vidole viingie mpaka kwenye kona zote. Vidole vyangu. Na kwa kuwa alikuwa anatoka sokoni moja kwa moja, likawa linanuka mpira, mdomo na samaki kwa pamoja. Kuna siku nilikuta gamba la perege humo ndani. Nilitoka nje nikatema mate mpaka koo likakauka.

Usoni aliota vipele vyekundu kufuata ule mzunguko wa mpira, watu wakadhani amechomwa na pasi. Na hewa nyingine alikuwa anaimeza. Anarudi sokoni tumbo limejaa, anacheua mbele ya wateja, na ingekuwa kucheua tu ningevumilia. Nilihamisha kigoda changu upande unakotoka upepo. Kila siku nilimwambia, "Wifi, acha. Mwache huyo mama wa Njombe aje, na yeye ni bibi." Alikuwa akifika pale kitandani anafumba macho kabla hajalivaa, anaguna kama anayemeza shubiri, anafunga mikanda mwenyewe.

Halafu mchana mmoja nimekaa pembeni yake nasubiri, nikagundua sisikii kitu. Mashine inavuma, yeye kimya. Nikajua amekufa. Nikaweka mkono kifuani kwake, kikapanda, kikashuka, kikapanda. Alilala mpaka Sista akaja kufunga madirisha. Aliamka, akalivua, mate yananing'inia kidevuni, akaangalia pande zote.

"Kumbe ukuta huu ni wa kijani," akasema.

Alikuwa ameingia chumba hicho wiki nzima na zaidi.

Kuanzia hapo akawa macho, na kwangu hiyo ilikuwa balaa nyingine. Akaona sufuria zangu zina masizi. Akaona mizani yangu haikai sawa. Akaniambia khanga yangu inanuka, yeye, aniambie mimi.

Digna alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Sebastiani. Mama mkwe alikuwa bado hajafika. Wilhelmina hakungoja kualikwa. Daktari akamruhusu kuondoka na mashine, tukapanda basi, amelipakata sanduku la mashine njia nzima, Mkula wanapouza mahindi ya kuchoma hakutaka hata kushuka kunyoosha miguu. Digna alipotuona mlangoni alikunja uso.

"Mama, nilisema."

"Ulisema, mwanangu. Nitazame kwanza, halafu unifukuze."

Nyumba yao ya kampuni ilikuwa na umeme. Wilhelmina akatandika mkeka sebuleni, mchana kweupe, akachomeka mashine, akafunga lile dude, akalala mbele ya binti yake. Digna alikaa kwenye kiti na mtoto, akimwangalia. Hakukoroma. Pumzi haikukatika. Ila hewa ilipenya kidogo pembeni na mate yakawa yanatoa mapovu.

"Shangazi," Digna akaninong'oneza, "linatisha. Yaone mate yale."

"Nayajua," nikasema. "Mimi ndiye ninayeyaosha. Na ameyavumilia kwa ajili yako, kwa hiyo fumba mdomo."

Jioni Digna alimpa mama yake mtoto ampakate, na mimi kesho yake nikarudi Ifakara kuangalia meza yetu.

Yaliyofuata alinisimulia Digna mwenyewe, arobaini ilipokwisha, alipomleta mtoto nyumbani. Mwaka ule ulikuwa tisini na saba, kabla ya mvua za Elinino. Maji ya bwawa la umeme yalishuka, umeme ukawa wa mgao. Watu wa Kidatu, wanaolala na mngurumo wa mitambo ya umeme masikioni, na wao wakawekwa gizani. Nilitema mate niliposikia.

Jioni moja walikuwa wamekula, Digna amekwishalala, usingizi wake wa kwanza mzuri tangu ajifungue. Lukelo yuko zamu. Wilhelmina, ambaye mgao ulimnyima usingizi wa mchana, amekaa na mtoto mapajani, mashine inavuma kando ikingoja zamu yake ya kulala, umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Alijaribu kukaa macho. Akajifinya, akaimba. Kichwa kikashuka mara moja. Akasimama hapohapo, akaenda kumtikisa binti yake.

"Mchukue mtoto."

"Mama, niache nilale. Si uko naye."

"Mchukue. Umeme hakuna. Mimi wa sasa hivi ni yuleyule uliyemkataa."

Digna aliniambia kwamba miezi yote ile alikuwa anataka mama yake alitamke hilo, na alipolitamka, aliona aibu hata ya kumtazama. Wilhelmina akamlaza mtoto kitandani kwa mama yake, akaenda kulala stoo, kwenye sakafu, mbali na mtoto, mlango ameufunga.

Digna akabaki gizani anasikiliza. Mkoromo ukaanza. Mkoromo ule tangu utotoni ulikuwa unamtia kichefuchefu, aliolewa mapema ili aukimbie, alikiri hivyo kwangu. Ukafika pale unapokatika. Kimya. Akasubiri urudi, na haukurudi upesi. Akambeba mtoto, akafungua mlango wa stoo, akakaa chini miguuni pa mama yake.

Asubuhi yake alimwomba Lukelo amwambie mama yake asijisumbue na safari, bibi yupo. Na lile dude aliliosha yeye. Alisema hajawahi kushika kitu kinachonuka vile.

"Shangazi," akaniuliza, "wewe miaka yote unalala naye chumba kimoja. Akinyamaza vile ulikuwa unafanyaje?"

"Nampiga teke," nikamwambia. "La makalio, kwa nguvu. Anashtuka, anavuta pumzi, anaendelea. Asubuhi hakumbuki."

Digna akatikisa kichwa. Akasema na yeye alimpiga teke usiku ule mpaka kulipopambazuka, maana mikono yote miwili ilikuwa na mtoto.