Mshumaa wa Duarani Hauingii Jikoni

Nakumbuka asubuhi moja pale Geita, mwanangu, siku ya pili tangu ninunue jiko la gesi, la kwanza nyumbani kwetu. Nilikuwa kijana mchimbaji, kichwa kikubwa. Fundi alitaka kuja kulifunga, nikamcheka. Mimi ninayeshuka duarani, shimoni mwa dhahabu, kwa kamba, nishindwe na mpira wa gesi?

Mpira ulikuwa mfupi. Nikaurefusha kwa kipande cha mpira wa pampu ya machimboni, kiungo nikakikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Dirisha nilishaliziba kwa gunia, sababu ya vumbi.

"Baba Holo, humu mnanuka," mke wangu akasema. Holo, binti yetu, hajaanza hata kutambaa, alikuwa kwenye mkeka sakafuni.

Sisi wachimbaji, kabla ya kushuka, tulitanguliza duarani mshumaa unaowaka. Ukizimika, hewa hakuna, hushuki. Basi nami nikachukua mshumaa na kiberiti, nipime hewa ya jikoni! Watu hucheka nikisimulia. Mimi sijaweza kucheka.

Mzee Lushinge, aliyenifundisha uchimbaji, alikuwa ndiyo kwanza anafika kutusalimia. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alinichapa mkono kwa fimbo, kiberiti kikaanguka. Akambeba Holo, akatutoa wote nje, kisha akarudi peke yake kufunga mtungi na kung'oa gunia.

"Mshumaa wa duarani unauliza kama hewa ipo," aliniambia uani. "Hapa ulitaka kuuliza nini, ng'wanawane, mwanangu? Gesi hii hukaa chini, kama hewa mbaya ya duarani. Na chini umemweka nani?"

Hewa mbaya hukaa chini: nililijua hilo kuliko jina langu, ila jikoni kwangu sikulikumbuka. Nililia mbele ya mke wangu, wala sikuona aibu.

Basi sikia, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Jiko la gesi alifunge fundi, kwa mpira wake na vibano vyake. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa. Viungo vipime kwa povu la sabuni. Likitoa viputo, panavuja. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa: toa watu, funga mtungi, acha milango wazi. Na ujuzi wa kazi moja usikupe kiburi kwenye nyingine. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wenyewe huenda ukawa wa mwanao.

Mungu ailinde nyumba yako. Mlale wote, muamke wote.