Mshipi wa Anayekaa Mbele

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, anaitwa Usukani, na jina hilo alilifanyia kazi. Aliendesha gari la wagonjwa tangu ujana wake hadi alipostaafu, na mtu aliyezoea kupishwa na kila gari barabarani harudi nyumbani akawa mwingine. Nikimpa lifti ananielekeza njia ya kwenda kwangu mwenyewe. Nikikata nyanya ananionyesha pa kushika kisu. Nampenda, lakini nampenda zaidi akiwa kwake.

Kila mwaka, mvua zikishakatika, yeye na mke wangu hufunga mtumbwi juu ya gari wakaenda kushuka mto unaopita katikati ya msitu. Huko hakuna duka wala simu. Wanalala kwenye hema na kula wanachovua. Usukani hukaa nyuma ya mtumbwi, maana anayekaa nyuma ndiye anayeuongoza. Mke wangu hukaa mbele na kuvua. Mimi hubaki nyumbani na cherehani yangu. Ni fundi nguo, samaki sili, na sijaelewa hadi leo mtu mwenye kitanda anafuata nini kwenye udongo.

Vifaa vya kuvulia alikuwa akichagua nani? Usukani, nani mwingine, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia ila kwa kuipakia garini. Alikuwa na kanuni moja tu: kamba isiyoweza kutoa gari mtaroni si kamba. Basi mke wangu alinunuliwa fimbo ndefu, nene kama mpini wa jembe. Akanunuliwa rili, kile kigurudumu chenye mkono cha kukunjia mshipi, kubwa kiasi cha kumchosha kabla samaki hajaja. Na mshipi wenyewe ulikuwa wa nailoni, mnene, ambao mimi ningeshonea maturubai.

Mke wangu hakubishana naye hata siku moja. Anafanya kazi maktaba, mahali ambapo kunyamaza ni nusu ya mshahara. Alichofanya ni kununua mshipi wake mwembamba kwa siri na kuuficha ndani ya soksi. Wakifika kambi ya kwanza, dada yake akiwa ameinama anafunga hema, yeye huenda nyuma ya kichaka, akautoa ule mnene kwenye rili na kuzungusha mwembamba. Aliniambia sababu: mshipi mnene haurushiki mbali, na kwenye maji maangavu samaki anauona kabla hajakiona chambo. Wakirudi, Usukani hukaa sebuleni kwetu akausifu mshipi wake. "Mnaona? Kitu imara," husema. Mimi nikimtazama mke wangu, anajifanya hamnazo na kupuliza chai.

Mwaka huu Usukani alianguka. Alipanda ngazi stoo kwake kushusha boksi ambalo jirani alijitolea kulishusha akafukuzwa. Akatua kwa bega la kulia, kano zikachanika. Daktari alimwambia mkono ule usinyanyuke kupita kifua, na habari za kupiga kasia azisahau, pengine moja kwa moja.

Mke wangu alisema safari iko palepale. Wangeshuka sehemu ya chini ya mto, ambako maji yametulia na hakuna maporomoko ya kuwalazimisha kubeba mtumbwi nchi kavu. Yeye angekaa nyuma na kupiga kasia, dada angekaa mbele na kuvua. Usukani akajibu kwamba hana mpango wa kubebwa kama kifurushi, wamtafute mtu mwingine. Baada ya hapo akawa anapiga simu kila siku kuuliza kama lile keria la juu ya gari limekazwa boliti.

"Mgonjwa haulizwi uji," nikamwambia mke wangu. "Huyu anataka kwenda. Mwombe."

"Nikimwomba atakataa," akasema. "Na asipokwenda mwaka huu, hatakwenda tena. Namjua. Atasema bega, mwaka unaofuata atasema miguu, mwisho atakuwa mtu wa dirishani."

Kwa hiyo hakumwomba. Alimtajia tu, kama anayeongelea mengine, kwamba Jumamosi anakwenda dukani kuchagua vifaa. Jumamosi hatujamaliza chai, Usukani yuko mlangoni, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, anauliza tunangoja nini.

Duka lile ni jembamba na linanuka raba. Fimbo zimesimamishwa ukutani kwa urefu wake, rili ziko ndani ya kabati la kioo, na mishipi imetundikwa kwenye waya kuanzia mwembamba hadi mnene. Kwenye kona kuna benchi la kujaribia viatu vya mpira, na pembeni yake ndoo ya mchanga ambayo wateja huinyanyua kwa fimbo ili kupima nguvu yake. Muuzaji, bwana mmoja mkondefu mwenye kijiti cha meno mdomoni, alituuliza tunakwenda kuvua wapi.

"Mtoni, kwa mtumbwi, msituni," akajibu Usukani kabla yetu sote. "Tunataka fimbo ya maana. Ile pale."

"Ile ni ya kuvulia ukiwa umesimama ufukweni, mama. Kwenye mtumbwi itakusumbua. Anayevua ni nani?"

Usukani akageukia kabati la rili na kuzikagua moja moja.

"Bado hatujaamua," akasema. "Tuseme ni mimi. Ilete."

Muuzaji akaileta, akafunga mwisho wa mshipi kwenye mpini wa ndoo. Usukani akautoa mkono kwenye kitambaa. Ndoo ikanyanyuka kidogo kutoka sakafuni, ikakaa hapo kwa muda wa pumzi moja. Halafu ncha ya fimbo ikaanza kutetemeka, mtetemeko ukashuka hadi begani, na ndoo ikaanguka na kunimwagia mchanga viatuni.

Usukani alikwenda kukaa kwenye benchi. Uso ulikuwa umempauka. Nimemwona akiwa na hasira mara nyingi, nyingine hasira hizo zikiwa juu yangu, lakini sikuwahi kumwona akiogopa. Sikupenda hata kidogo. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza kwa kusimama karibu na ndoo.

"Pole, mama," akasema muuzaji, akaondoa fimbo. Usukani alikaa akiutazama mchanga sakafuni, na aliposema, alisema na mdogo wake.

"Ule mshipi wako wa kwenye soksi. Ni wa kubeba kilo ngapi?"

"Mshipi gani?"

"Mdogo wangu. Kufunga hema hakuchukui muda wote ule."

Mke wangu akasimama katikati ya duka. "Ulikuwa unajua?"

"Toka safari ya pili."

"Na ukaniacha nikajifiche kichakani kama mwizi, miaka yote hiyo?" Alipaza sauti ambayo maktaba hawajawahi kuisikia, na mimi mwenyewe naisikia kwa nadra.

"Ulikuwa unafurahi," akasema Usukani. "Na samaki tulikuwa tunakula. Ningekuuliza, ungenieleza, halafu ningelazimika kukubali."

Mke wangu akatugeuzia mgongo, akawa anapanga fimbo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Sikujua kama analia au anacheka. Baadaye aliniambia ni vyote viwili. Ndipo Usukani akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu nioe katika familia ile.

"Nichagulie."

Mke wangu alichagua bila haraka. Alichukua fimbo fupi na nyepesi, ambayo mtu aliyeketi anaweza kuirusha kwa kiganja tu bila kunyanyua kiwiko. Alichukua rili ndogo, akamwomba muuzaji auhamishe mkono wa kuzungushia upande wa kulia. Dada angeshika fimbo kwa mkono wa kushoto ulio mzima, na ule mbovu ungezungusha tu, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Kisha akaenda kwenye waya wa mishipi, upande wa mwanzo.

"Kilo nne," akasema.

"Nne?" Usukani akauliza. "Huo ni wa kufungia zawadi."

"Kazi inafanywa na breki, dada. Hii hapa, kitufe hiki. Samaki akivuta, rili inamwachia mshipi, anakwenda. Akichoka, unakunja. Hamvutani."

"Namwacha aende."

"Unamwacha aende."

Usukani akakigeuza kile kitufe cha breki huku na huku. Nilikuwa na la kusema kuhusu watu wasiomwacha mtu yeyote aende, nikalimeza.

Muuzaji alitaka ajaribu tena, ila ndoo sasa hakuna aliyeitaka. Akanitazama mimi. Kabla sijajua linalotokea, ncha ya mshipi ilikuwa imefungwa kwenye mkanda wa suruali yangu na nimeambiwa mimi ni samaki, niende mlangoni. Nikaenda. Nyuma yangu rili ikalia taratibu ikiachia mshipi. Nilipofika mlangoni nikaambiwa nimechoka, nikageuka, na Usukani akaanza kunikunja. Kiwiko alikibana ubavuni kama alivyoelekezwa. Fimbo ilipinda kidogo, ikanyooka. Mkono haukutetemeka.

"Samaki mwenyewe kazaliwa amechoka," akasema. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu aanguke, na nilikubali uwe juu yangu.

Mke wangu alikwenda karibu na mlango, palipokuwa na makasia, akawa anayasimamisha moja baada ya jingine kupima urefu dhidi ya kidevu chake. Mimi nilibaki kwenye benchi nikifungua fundo mkandani. Uzi naujua, ndiyo kazi yangu, na ule ulikuwa mwembamba mno. Nikamuuliza Usukani kwa sauti ya chini.

"Shemeji, na akija samaki mkubwa kweli, huu ukakatika?"

"Ukatike," akasema. "Mimi nataka kwenda." Akautazama mgongo wa mdogo wake. "Nilikuwa naogopa atapata mtu mwingine wa kwenda naye."

"Mwambie basi."

"Mwambie wewe. Mimi kwa leo nimeshasema mengi."

Sikumwambia. Mke wangu alikuwa ameacha kupima makasia, amesimama na moja mkononi bila kugeuka, na duka lenyewe ni dogo.