Fundo la kikwembe cha mama

Juzi sokoni Rumonge nilimuona mwanaume akifunga suruali kwa mpira kabla ya kupanda baiskeli. Nikainamisha macho.

Nilipokuwa mtoto, baiskeli ya mama ilikuwa imechomelewa gia ya nyuma. Pedali hazikuacha kuzunguka hata kwenye mteremko. Kwa hiyo alipandisha kikwembe magotini na kukipiga fundo kiunoni. Mimi, nikiwa nimekaa nyuma na bidoni, dumu la mawese, mapajani, nilidhani hana haya. Tulipokaribia wenzangu wa shule nikalifungua kimyakimya, nimsitiri.

Mnyororo ulimeza kitambaa, tukaanguka. Barabara ilinuka mawese, na gotini kwake sikujua kipi mafuta, kipi damu.

Muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaja mbio. "Pole mama! Leo haukufunga kikwembe?"

"Nilisahau," akasema, akinitazama.

Anachechemea mpaka leo, na akiulizwa bado husema alisahau.