Kitufe cha Tatu

Kaka yangu alipoleta ile simu nyumbani Kapseret, kitu cha kwanza mama alichouliza ni waya uko wapi. Hakukuwa na waya. Ilikuwa simu ya mezani kama zile za ofisini, yenye mkono wa kushika na vitufe vikubwa, lakini mgongoni ilikuwa na antena fupi nyeusi na tumboni imewekwa laini ndogo kama ya simu ya mkononi. Miaka hiyo zilikuwa zimeenea Eldoret, madukani na majumbani. Simu ya mkononi mama alikuwa ameshaikataa. Alisema ni kitu cha kuangukia kwenye majani ya ng'ombe na kutafunwa. Hii ya mezani aliikubali kwa sababu ilikuwa nzito na haiendi popote. Aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, akaiweka kwenye stuli kando ya redio, mahali alipokuwa akikaa baba.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa nafundisha mjini na kuishi mtaa wa Pioneer, kaka alikuwa Nairobi, na mama alibaki shambani na ng'ombe wake na kijana wa kukata nyasi aliyeondoka kila saa nane. Hatukusema wazi, lakini simu ilinunuliwa kwa ajili ya zile saa za baada ya saa nane.

Kaka alikaa naye kwenye kochi akamfundisha.

"Si lazima ukumbuke namba, mama. Simu inakumbuka yenyewe. Finya moja, uishikilie hivi, usiachilie haraka. Unampata dada hapo Pioneer. Mbili ni mimi. Tatu ni mama mdogo wa Kaptagat. Nne ni daktari wa ng'ombe."

"Daktari wa ng'ombe awe mbili," mama akasema.

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa nne. Ng'ombe akikwama kuzaa, wewe utafanya nini kutoka Nairobi?"

Basi kaka akawa nne. Namba ya mama mdogo aliipata kwa mama mdogo mwenyewe, ambaye naye alikuwa ndio tu amenunua simu ya aina hiyo na bado alikuwa akiisoma namba yake kutoka kwenye boksi. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alipoisoma, tarakimu mbili za mwisho alizipindua.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikuwa jikoni nikichemsha chai nikamsikia mama akifinya tatu kwa mara ya kwanza. Alishika ule mkono wa simu mbali na sikio, kama mtu aliyeshika jogoo, kwa hiyo hata mimi nilisikia kila kitu.

"Chamgei!" alipaza sauti. Ndiyo salamu yetu ya nyumbani.

"Hello? Ni nani?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Ni mimi! Mbona unaniongelesha Kiswahili?"

"Mama, nafikiri umepotea."

"Sijapotea. Niko kwangu Kapseret, nimekaa kwa kiti."

Yule mwanamke akacheka. Kilikuwa kicheko cha kuanzia chini, kinachopanda polepole halafu kinamwagika, na nilimwona mama akiutazama mkono wa simu kana kwamba umemtekenya. Akakata bila kuaga. Alisema mashine imekosea, akafinya tatu tena.

"Ni wewe tena, mama wa Kapseret?"

"Ni mimi. Namtafuta dada yangu."

"Umefinya wapi?"

"Tatu."

"Basi mimi ndiye Tatu. Dada yako mtafute kwa nne."

"Nne ni kijana wangu," mama akasema kwa uzito wote, na kicheko kikaanza tena kupanda. Mara hii mama naye akacheka. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akicheka namna hiyo. Niliacha chai ikamwagikia jiko.

Wiki iliyofuata nilimpata mama mdogo, nikachukua namba sahihi na kwenda Kapseret Jumamosi kurekebisha. Nilipoinua kitambaa mama aliuliza nafanya nini. Nikamwambia natoa ile namba ya kupotea.

"Usitoe."

"Lakini si ya mama mdogo."

"Najua si yake. Dada yangu mweke tano. Huyo wa tatu wacha hapo."

Ikawa walikuwa wameshaongea mara nyingine, na nyingine. Mama alinieleza habari za yule mwanamke kama mtu anayesimulia jirani yake wa siku zote. Alikuwa fundi wa kushona yunifomu za shule, akifanyia kazi nyumbani, upande wa pili wa mji. Yeye na mumewe walikuwa wametoka huko ziwani wakiwa vijana, mume akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, na watoto wao wote wakazaliwa hapa hapa Eldoret. Goti lake la kulia lilimsumbua kwa sababu ya kukanyaga cherehani. Alikuwa hajui kukamua, na alikuwa hajawahi kumwona ndama akizaliwa.

Simu ile ilikuwa na kidirisha cha kijani kilichoonyesha namba ya anayepiga, na kama umemhifadhi, kilionyesha jina. Majina niliyaandika mimi, kwa herufi kubwa ili mama asitafute miwani. La yule mwanamke nilipouliza, mama alisema hajawahi kumwuliza jina na sasa ni aibu kuuliza. "Andika TATU." Nikaandika TATU. Kanisani akawa anamtaja kama Mama Tatu, na akina mama wenzake wakadhani ni mtu mwenye binti anayeitwa Tatu. Wakamtumia salamu binti. Mama akazipokea zote akazifikisha.

Kabla ya simu ile, simu ikilia popote watu walikuwa wanashtuka, kwa sababu hujui ni furaha au ni msiba mpaka uinue. Mama sasa alikuwa anainama kwanza kuangalia kidirisha. Ikiwa ni mimi, alishika akiendelea kutafuna. Ikiwa ni kaka, aliketi kwanza. Na ikiandika TATU alikuwa anafunga kitambaa chake cha kichwa upya, vizuri, ndipo akainua. Nilimwambia kwamba haonekani. Akaniambia anajua.

Nilikuwa nikifika Jumamosi nawakuta katikati ya maongezi. Cherehani ikisikika upande ule, ng'ombe upande huu. Yule alimfundisha mama kupika samaki mkavu kwa maziwa ya kuchemsha, na mama, ambaye maisha yake yote aliikimbia harufu ya samaki, alinunua mmoja sokoni, akampika na kumla mpaka kichwa. Mama naye alimfundisha kulichua goti kwa samli ya moto. Walikuwa wakiagana kila mara kwa ahadi.

"Siku ukimaliza kukamua, njoo nikupime nikushonee rinda."

"Ng'ombe haishi kukamuliwa. Njoo wewe."

"Goti likikubali."

Kutoka kwetu mpaka kwake ulikuwa mwendo mfupi wa gari. Wakakaa miaka miwili hivyo, katika mji mmoja, bila kuonana.

Katika miaka hiyo wakaanza wale watu wa kupiga simu na kusema hongera mama, umeshinda zawadi. Jirani mmoja alidanganywa vibaya. Kaka akapiga kutoka Nairobi akatoa amri: namba yoyote isiyo na jina, usishike. Mama aliipokea amri hiyo kama ya kumi na moja. Kidirisha kikionyesha namba tupu, alikuwa anakunja mikono na kuitazama simu ikilia mpaka inyamaze, kisha anaifunika kitambaa kama kuiadhibu.

Siku moja mwezi wa nane, alifinya tatu akajibiwa na ile sauti ya kurekodiwa inayosema namba haipatikani. Akaiambia ile sauti, "Mwambie ni mama wa Kapseret." Kesho yake ikawa vile vile. Wiki ikaisha, ya pili ikaingia. Nilipokwenda nilimkuta amekaa kando ya stuli bila redio.

"Ameniacha," akasema. "Alikuwa amesema mzee wake akistaafu watarudi kwao. Lakini alisema ni Disemba. Mtu huondoka hivyo, bila kuaga?"

"Labda simu imeharibika."

"Ya mtu mwenye maneno mengi hivyo haiharibiki wiki mbili."

Nikamwuliza kama hakuna aliyepiga. Akasema hakuna, ni wale waongo tu wa zawadi, nao siku hizi wamezidi, wanapiga hata asubuhi wakati wa kukamua. Hapo ndipo nilipoitoa simu kwenye kitambaa. Kulikuwa na mahali ilipohifadhi namba za waliopiga bila kupokelewa, ambapo mama hakuwahi kufika. Nikateremka nazo moja moja. Ilikuwa namba ile ile. Asubuhi, jioni, asubuhi, siku baada ya siku, kisha ikakoma.

"Mwongo wa zawadi hapigi mara zote hizi, mama."

Alisimama akaja kuangalia, akasoma zile tarakimu kana kwamba uso ungetokea ndani yake. "Piga," akasema.

Alipokea binti mmoja. Nilipoeleza ninapiga kutoka wapi, alisema ngoja, na nikasikia miguu ikitembea juu ya mchanga. Nikampa mama.

"Ni Tatu?"

"Ni mimi."

Hakukuwa na cherehani nyuma. Mama akashika neno lililokuwa karibu. "Goti lako je?"

"Goti liko sawa. Ni mzee, mama. Mzee alianguka bafuni, upande mmoja ukafa. Akasema apelekwe nyumbani. Tuliondoka siku hiyo hiyo. Ile simu yangu huku inawaka taa tu, wanasema haishiki nje ya Eldoret. Nikachukua namba yako ndani yake, nikakupigia na ya binti yangu. Nilikupigia sana."

"Haikuandika jina lako," mama akasema. "Ilikuwa inalia hapa. Nilikuwa nimekaa naiangalia."

"Tumeshamzika."

Mama aliketi sakafuni, si kwenye kochi, na miguu akainyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake kwenye matanga. Hakuna aliyekata simu. Nilitoka nje nikawaacha.

Kaka alikuja na gari wiki iliyofuata. Mama alivaa rinda lake la kanisa, akabeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwa masizi, amekishika mapajani njia nzima ili kisitikisike. Hakuwa amewahi kwenda huko. Tulipoanza kuteremka na joto likaingia dirishani, alivua sweta, akasema watu huku wanaishije.

Boma lilikuwa na nyumba ya mabati na kaburi jipya mbele yake, udongo bado mwekundu. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, alitoka mlangoni akichechemea. Nilimwona mama akiangalia nyuma yake, akimtafuta mwingine. Kisha wakajua. Walishikana mikono wakakaa hivyo, halafu mama akalia kwa sauti akielekea kaburini, kama desturi inavyotaka, na yule akamfuata, na kaka akavua kofia.

Ndani tuliomba, tukanywa chai. Watu ambao walikuwa wanaongea mpaka chakula kinaungua walikaa kwenye makochi mawili yanayotazamana, kila mmoja akitazama kikombe chake. Mama aliuliza safari yao ilikuwaje. Yule akauliza yetu ilikuwaje. Kaka akaanza kuangalia saa.

Ndipo ng'ombe akalia nje. Mama akainua kichwa.

"Huyo ni wako?"

"Ni wa shemeji. Waliniletea ninywe maziwa. Lakini ananipiga teke."

"Hapigi teke bure. Huo si mlio wa njaa." Mama alikuwa ameshavua viatu vya kanisa. Alimkuta amefungwa mchongomani, akachutama, akampapasa kiwele, akakamua kidogo juu ya kiganja na kukitazama. "Chuchu hii imevimba. Leteni maji moto, na kitambaa. Wewe njoo hapa, shika mkia."

"Mimi?"

"Ni ng'ombe wako au wangu?"

Yule mwanamke akashika mkia kwa vidole viwili, uso ameugeuza pembeni, na ng'ombe alipojinyoosha akapiga yowe. Kisha kicheko kile kikaanza, kutoka chini, kikapanda. Wanawake wa boma wakatoka kuangalia ni mjane gani huyu anayecheka kabla ya majuma ya matanga kuisha. Hakujali. Mama, paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe, mikono ndani ya maji moto, alikuwa anamwambia maneno mengi mfululizo, na yule anajibu, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize.

Tukirudi, mama alihisi baridi yetu ikianza kuingia. Akavaa sweta.

"Nilidhani ni mrefu," akasema.

Siku hizi mama hayupo, na nyumba ya Kapseret imepangishwa. Watu wakiniuliza kuhusu miaka yake ya ujane, huwa nakumbuka zaidi wiki zile Mama Tatu alipokuja kutibiwa macho Eldoret akafikia kwake. Daktari alikuwa ameshamruhusu arudi nyumbani. Nilikwenda asubuhi kumchukua nimpeleke stejini akapande gari, nikawakuta nyuma ya nyumba, ungo mmoja katikati yao, wakichambua managu na kubishana kama mboga hiyo hutiwa maziwa kabla ya chumvi au baada. Mzigo haujafungwa. Nikawakumbusha kwamba gari litajaa.

"Keti utusaidie kuchambua," mama akaniambia. "Gari ziko kila siku."