Swali Dogo Linalomnyima Bertha Usingizi

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mlango wa nyuma wa duka la jumla la Sherali mjini Tanga unafunguliwa kabla ya wauzaji kufika. Mwanamke anaingia, anawasha kompyuta kuu, kisha anaweka kiganja juu ya kasha lake kama mama anayempima mtoto homa. Feni inaanza kuzunguka. Anashusha pumzi.

"Kila siku naomba iamke," anasema Bertha Noa. "Ikishaamka, naanza kuiogopa saa tatu."

Saa tatu ndipo wateja wanapojaa. Kuna mafundi wa mjini, wakulima wa Mwera, wenye maduka ya Tongoni na wa huko juu Amani. Wanataka mabati, misumari na rangi, na kila mmoja anataka risiti yake. Kwa wiki tatu sasa, ikigonga saa hiyo, kompyuta za kaunta zinakwama. Muuzaji anaandika jina la mteja, halafu wote wawili wanakodolea kioo macho. Wasio na subira wanavuka barabara kwenda kwa jirani, na Bwana Sherali anawasindikiza kwa macho kutoka dirishani.

Jumatatu Sherali alitoa uamuzi. Ikifika Jumamosi hali ni ileile, kompyuta zitauzwa, duka litarudi kwenye kalamu, na chumba cha kompyuta kitakuwa stoo ya rangi. Hakusema Bertha atakwenda wapi, na Bertha hakuuliza.

Ana sababu ya kutouliza. Bertha, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Mwera, wilayani Pangani, ambako baba yake, Msambaa na Mlutheri wa kutoka Lushoto, alikuwa mkata mkonge. Alijifunza kupiga chapa, akaajiriwa na shirika moja la umma lililokuwa likigawa bidhaa mkoani. Miaka ile ya foleni za sabuni, yeye ndiye aliyechapa vibali, na watu walimwamkia hata wasiomjua.

Kisha likaja soko huria. Foleni zikaisha, na shirika nalo likaisha. Asubuhi moja wafanyakazi waliitwa uani, yakasomwa majina ya wanaopunguzwa kazi, na la Bertha likiwamo. Kiinua mgongo kiliishia kwenye ada ya binti yake Devota na dawa za mama yake. Kwa miaka miwili akauza maandazi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.

Ajabu ya dunia, Sherali alipolinunua ghala la shirika lile, alilinunua pamoja na rafu zake na orodha ya wateja wake, akahitaji mtu anayewajua wateja na asiyeogopa kibodi. Bertha akarudi kwenye jengo lilelile. Dirisha la chumba cha kompyuta linatazama ua ule ule aliposomewa jina. Analipwa shilingi elfu sabini kwa mwezi, na humo mna kodi ya chumba, ada na mama.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bertha anashtuka hata mtu akipita uani ameshika karatasi.

Programu inayotunza habari za duka ililetwa na fundi Aslam kutoka Dar es Salaam. Ndiye aliyemfundisha Bertha SQL, lugha ya kuiulizia kompyuta maswali. Kompyuta zilipoanza kukwama, Bertha alimpigia simu akitaka tu aambiwe kwamba mashine imezeeka, ili akamwambie tajiri anunue nyingine. Aslam alikataa kumpa jibu hilo.

"Usikisie, Bi Bertha," alimwambia. "Programu yenyewe inajua inachoshwa na nini. Iulize."

Kumbe ndani ya programu mna jedwali ambalo muuzaji wa kaunta halioni. Kila swali linaloulizwa dukani lina mstari wake humo. Mstari unaonyesha swali limeulizwa mara ngapi, limekula muda gani, limepekua rekodi ngapi na mwishowe limeleta ngapi. Hakuna anayeliandika jedwali hilo kwa mkono. Programu inajiandikia yenyewe, saa zote inapofanya kazi.

Jumatatu hiyohiyo Bertha alilifungua, akaomba apewe kwanza swali linalochukua muda mrefu kila linapoulizwa. Juu kabisa ikatokea ripoti ya mali iliyomo ghalani, ambayo aliitunga yeye mwenyewe ili kumfurahisha Sherali. Anasema alijiona ndiye mchawi wa duka. Jumanne akaihamisha, iwe inatolewa jioni duka likishafungwa.

Jumatano, saa tatu, kompyuta zikakwama kama kawaida yake. Mchana huo Bertha hakula. Alitoka nje, akasimama peke yake uani, na alipogundua amesimama wapi, akarudi ndani upesi.

Sasa ni Alhamisi, na anajaribu njia nyingine. Badala ya muda wa swali moja, analiambia jedwali lipange kwa jumla ya muda wote ulioliwa. Wazo hilo, anasema, hakulitoa kwa Aslam. Alilitoa kwenye karai.

"Mafuta hayamalizwi na andazi moja kubwa," anaeleza. "Yanamalizwa na madogo mengi. Ukitaka kujua yamekwenda wapi, usitazame andazi, tazama sinia."

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kiko pale kwenye kioo. Ripoti ya ghala imeshuka chini kabisa. Juu limepanda swali dogo ambalo hakuna aliyelidhania, lile la kutafuta jina la mteja. Kila mara linachukua sekunde chache tu, lakini linaulizwa na kaunta zote, mchana kutwa. Na kila linapoulizwa linapekua wateja wote, zaidi ya elfu thelathini, ili limlete mmoja.

Bertha analitazama kwa muda mrefu. Haelewi. Majina yamepangwa kwa alfabeti, na kompyuta ilipaswa kumwendea mtu moja kwa moja. Ni kama Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba. Ukijua mtu anakaa barabara ya ngapi, unakwenda, ila usipojua, utabisha kila mlango kuanzia Barabara ya Kwanza. Kwa nini kompyuta hii inabisha kila mlango?

Duka linapofunguliwa anakwenda kusimama nyuma ya Msafiri, muuzaji wa kaunta ya kwanza, kijana wa Tongoni mwenye maneno mengi na vidole vyepesi. Mteja anataja jina. Msafiri anabonyeza alama ya asilimia, kisha ndiyo analiandika jina. Kwenye lugha ya kompyuta, alama hiyo ikitangulia ina maana kwamba mbele ya jina kunaweza kuwa na neno lolote lile, basi alfabeti haisaidii tena. Bertha anamuuliza kwa nini aanze nayo.

"Dada Bertha, mie nisipoitia simpati mtu," anajibu Msafiri. "Humu wote ni wazee na kina mama. Na si wewe uliyenionyesha?"

Ni kweli. Wiki tatu zilizopita Msafiri alilalamika kuwa hawayapati majina ya wateja kwenye kompyuta, naye Bertha, akiwa na haraka, akamwonyesha ujanja huo. Msafiri akawaonyesha wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Bertha alikishona mwenyewe.

Lakini mzizi uko mbali zaidi, kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Hapo huketi Bi Sakarbai, mama yake Sherali, anayewaamkia wateja tangu enzi za duka la zamani la marehemu mumewe. Dukani mwake risiti husomwa kwa sauti mteja anapoitwa, na hakuna anayeitwa jina kavu. Inasimuliwa kwamba zamani karani mmoja alimtaja mzee wa Tongoni kwa jina tupu mbele za watu, na mzee yule akaacha misumari yake juu ya meza, asirudi tena. Kwa hiyo orodha ilipoingizwa kwenye kompyuta, wauzaji waliandika kama walivyofundishwa: Mzee fulani, Mama Praxeda, Bi fulani, Mwalimu fulani. Heshima na jina vikakaa mahali pamoja, heshima mbele. Na kwa kuwa aliyeitwa Mzee na muuzaji huyu huitwa Bwana na yule, alfabeti ikakosa kazi, na ile alama ya asilimia ikawa mkombozi.

Bertha anampelekea Sherali habari hizo. Sherali anasikiliza hadi mwisho, kisha anasema kuhusu kompyuta yuko naye, lakini kuhusu majina akamwone mama, maana yeye hawezi kumwambia neno hilo.

Alasiri, kaunta zinapopoa, Bertha anachutama kando ya kile kiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sherali kaniambia wataka kuwavua watu heshima zao."

"Hazivuliwi, Bibi. Zitakaa peke yake, kwenye nafasi yake, mbele ya jina. Kompyuta ikimtafuta mtu, itatafuta jina. Ikiandika risiti, itaanza na heshima."

Bi Sakarbai anaagiza aletewe karatasi aone. Bertha anamtolea risiti moja ya majaribio, na bibi anaisoma polepole, kidole kikifuata kila neno, kuanzia Mzee.

"Na asiyeandikiwa kitu?" anauliza.

"Nafasi itabaki tupu."

"Basi ya mtu yeyote isibaki tupu," anasema Bi Sakarbai. "Hilo ndilo sharti langu."

Ijumaa duka hufungwa kwa swala, na hizo ndizo saa pekee Bertha alizopewa. Wenzake wanaelekea msikitini, naye anabaki na kompyuta na hofu yake. Mgawo wa umeme haujapiga hodi wiki hii, na hajui utakuja lini. Anatoa kwanza nakala ya kila kitu. Kisha anaandika amri ya kutenganisha neno la kwanza na mengine, anaisoma, anaifuta, anaiandika tena. Wako wanaoitwa Shekhe kwa jina, na wako walio mashekhe kweli. Hao anamwachia Msafiri, anayewajua kwa sura. Waliporudi kutoka swala, wanasema, walimkuta amekaa, macho kwenye taa ya ukutani kuona kama inawaka bado.

Jumamosi, saa tatu, duka limejaa. Msafiri anaandika jina bila alama mbele yake, na jina linatokea kabla hajaondoa kidole. Anageuka kumtazama Bertha. Kaunta ya pili inaita mteja, ya tatu inaita. Bertha hacheki. Anarudi chumbani, anafungua jedwali, na kulitafuta lile swali dogo. Limeshuka hadi chini. Hapo ndipo anapofunika uso kwa mikono na kulia.

Sherali alimwagiza mchukuzi aondoe makopo ya rangi yaliyokwisha kurundikwa mlangoni pa chumba cha kompyuta.

Bertha anasema hofu haijaisha. Kesho swali lingine litapanda juu, naye atakuwa analisaka tena kabla jua halijapanda. Ila sasa ana mpango, ambao Bi Sakarbai alikwisha kuusikia. Nyuma ya nyumba anayopanga kuna kibanda kisicho na mlango. Anataka kukitengeneza, aweke kompyuta moja iliyotumika, na awafundishe wanawake waliopunguzwa kazi kama yeye. Mchana huo alikuja kaunta kununua bawaba na kitasa, akingoja kama mteja mwingine yeyote.

Jina lake limo kwenye orodha tangu zamani, kwa ajili ya bei ya wafanyakazi, na daima liliandikwa hivyohivyo tu, Bertha Noa. Asubuhi hiyo, kabla wateja hawajafika, Bi Sakarbai alikuwa amekaa na Msafiri, wakijaza nafasi zilizobaki tupu.

Msafiri alichukua risiti, akaisoma kwa sauti, kama desturi ya duka.

"Mwalimu Bertha Noa. Bawaba nne, kitasa kimoja."