Nilikagua Sarafu za Jirani Kama Ninavyokagua Ngege

Wasomaji wenzangu, naomba mnisome hadi mwisho ndipo mnitukane. Nimekosa! Nilifungua kitu cha mtu ambacho thamani yake yote ilikuwa katika kutofunguliwa, kisha nikanyamaza kimya mtu mwingine akibebeshwa kosa langu. Jina langu mniachie. Wanaonijua watanitambua kwa ujinga wenyewe.

Mimi ni mama samaki wa hapa Kisumu. Nanunua ufuoni Dunga asubuhi, nakaanga, nauza, narudi nyumbani nikinuka hivyo hivyo, na watoto wamesoma kwa harufu hiyo. Kwa hiyo msinicheke sana.

Nina mteja mmoja wa Nairobi, bwana mpole anayependa vitu vya kale. Akija Kisumu lazima ale kwangu. Siku moja alipomaliza kulamba miiba akanionyesha picha kwenye simu: ndururu, senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za enzi za wazee wetu, zote zimepangwa ndani ya kisanduku kama mayai kwenye trei.

"Mama, ukisikia mtu ana seti kama hii, na bado imefungwa vile ilitoka kiwandani, inunue. Mimi nitakuja kuichukua kwako, na hutajuta."

Jamani, nilisikia neno "imefungwa" na sikulielewa! Nilidhani anataka zisiwe zimepungua hata moja. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi sikuuliza.

Nikamkumbuka jirani yangu, nimwite Mzee Odero, karani mstaafu wa bandarini, mjane, mtu wa heshima zake. Macho yake yameingia ukungu, anakutambua kwa sauti. Yeye alikuwa na kisanduku kama kile. Aliuziwa miaka mingi iliyopita na rafiki yake wa kazini, nimwite Mzee Ouma, ambaye bado anaishi mtaa huu huu. Na Odero alikuwa anatafuta mnunuzi, maana alitaka tangi la maji ya mvua.

Nilipomwendea alifurahi. Akanitajia bei, akasema, akiniita binti wa Asembo kwa Kijaluo, "Enda ufikirie, Nyar Asembo. Ukikataa, hakuna maneno."

Nikafikiria hadi ugali ukaungua. Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya friza. Mume wangu alinisikiliza, akachokonoa meno, akauliza, "Friza itagandisha samaki. Sarafu itagandisha nini?" Lakini picha ya yule bwana akinihesabia noti haikuniondoka kichwani. Tamaa, wenzangu! Tamaa na uoga vilinikalia pamoja, huyu akisema nunua, huyu akisema utaibiwa.

Na hapa ndipo biashara yangu iliponiponza. Dunga hakuna anayenunua samaki kwa kumtazama tu. Unainua shavu uone kama ndani ni pekundu. Unabonyeza mgongo. Omena, wale dagaa wetu, unatia kidogo mdomoni, unatafuna, usikie kama kuna mchanga. Muuzaji akikuzuia kugusa, unajua mali imelala. Mimi nimeishi hivyo miaka yote. Hata mkate dukani naubonyeza! Sasa ningetoaje pesa ya friza kwa kitu nilichokiona tu kupitia plastiki?

Siku ya kukagua nilitoka Dunga moja kwa moja hadi kwa Mzee Odero. Kisanduku kilikuwa mezani, karibu na sahani ya ugali uliobaki. Kizuri! Plastiki ngumu juu, na kibandiko chekundu kimezunguka pale inapofungukia. Mara mwuza maji akapiga hodi huko nje, Mzee akatoka polepole kumfungulia lango.

Nilikiambia kidole changu kitulie. Hakikutulia. Ukucha ukaingia chini ya kibandiko, nikavuta kidogo tu, nikasikia "tap!" Kikawa wazi.

Basi, kilichofunguka kimefunguka. Nikatoa shilingi moja, nikaipima kwa kiganja, nikaigonga mezani nisikie mlio. Nikaing'ata. Ndiyo, niliing'ata! Nikaisugua kwa leso ing'ae vizuri. Nikaona ni mali halisi, moyo ukatulia, nikairudisha mahali pake kwa adabu zote.

Kibandiko sasa kikakataa kushika. Nikasikia Mzee anamlipa mwuza maji. Nikakilamba, wapi! Ndipo nikauona ule ugali. Nyinyi mliosoma shule za zamani mnajua tulivyokuwa tukibandika picha daftarini. Nikaufinyanga kidogo, nikapaka, nikabana kwa vidole vyote kumi na sala moja.

Mzee akaingia, akaketi, akanusa. "Mbona hii sanduku inanuka samaki?"

"Ni mimi, Jaduong'," nikamwita kwa heshima ya mzee. "Nimetoka beach sasa hivi."

"Aa," akasema, akacheka. "Basi umeamua?"

Nikamwambia nimeamua kununua, ila yule mgeni wangu anakuja Jumamosi, nimlete aione kwanza. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikiwa nimeshapanga friza pamoja na kitanda kipya.

Jumamosi bwana wa Nairobi alikuja. Mzee Odero alikuwa amevaa koti. Mgeni akatoa kioo chake kidogo cha kukuzia, akainamia kisanduku, na mimi nikainama naye. Yesu wangu! Ndani, pembeni mwa shilingi, lilikuwa gamba la samaki. Dogo, jeupe, linang'aa kuliko sarafu zote. Lakini yeye alikuwa anashughulika na kibandiko.

"Mzee, pole. Hii imefunguliwa," akasema. Akakikwaruza kwa ukucha. "Na imebandikwa tena na... hii ni unga?"

"Haiwezekani," Mzee akasema. "Mimi sijawahi kufungua. Hata siku moja."

Yule bwana akaeleza kwa upole. Kwamba sarafu hizi zikiwa zimetumika ziko nyingi tu. Kwamba watu wanalipia ile hali ya kutoguswa na mkono wa mtu, na kibandiko ndicho ushahidi. Kikishatoka kimetoka, na shilingi moja ilionekana imesuguliwa. Akashukuru, akaaga, akaenda zake.

Mzee Odero akabaki ameshika kisanduku magotini. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe Ouma aliniuzia kitu imeharibika. Ouma! Tena aliniapia."

Wenzangu, hapo ndipo nilipotenda dhambi yenyewe. Kufungua kulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Lakini mzee alinigeukia akaniuliza, "Nyar Asembo, wewe uliishika juzi. Uliona kitu?" Nami nikasema, "Mimi sijui mambo ya sarafu, Jaduong'." Nikachukua leso yangu nikaondoka. Aibu iliyoje!

Nilidhani yatapita. Hayakupita! Wazee wale wawili walikuwa wakicheza ajua, lile bao letu, kila Jumapili baada ya ibada, wakitukanana kwa furaha hadi majirani tunacheka. Jumapili ile Mzee Ouma akaja na kofia yake, akagonga mlango. Odero yumo ndani, hafungui. Ouma akanijia mimi, kati ya watu wote!

"Nyar Asembo, Odero ni mgonjwa? Nimegonga mpaka mkono imechoka."

Nikamwambia labda amelala. Uongo wa pili.

Kilichonimaliza ni kanisani. Kwa sababu ya macho ya Odero, Ouma ndiye aliyekuwa akikaa naye benchi moja na kumnong'oneza maneno ya kila ubeti kabla haujaimbwa. Sasa Odero akahamia benchi la mbele, peke yake, kitabu mkononi. Sisi tukaimba ubeti wa tatu, yeye anaimba wa kwanza, kwa sauti kubwa, kichwa juu. Watoto wakacheka. Nikamwona Ouma kule nyuma midomo ikimcheza, anamnong'onezea mtu asiyekuwepo. Yawa! Nililia, na mwenzangu wa pembeni akadhani nimeguswa na Roho.

Nikaanza kulipa kwa samaki. Leo ngege kwa Odero, kesho mbuta kwa Ouma, bure. Mume wangu akaona faida inatembea yenyewe kutoka nyumbani, akanibana, nikamweleza yote. Nilitegemea anionee huruma. Akasema, "Mficha uchi hazai. Ukiona ni ngumu kusema mbele ya watu wawili, ngoja kidogo, utasema mbele ya kanisa nzima."

Jumapili iliyofuata, ibada ilipoisha tu, nikamshika Mzee Ouma mkono hadi mlangoni kwa Odero. Odero alifungua kwa sababu alisikia sauti yangu. Alipojua nimekuja na nani, akataka kufunga, nikaweka mguu.

"Wazee wangu, leo mimi ndiye mshtakiwa," nikasema. "Kaeni mnihukumu."

Nikamwaga yote. Kucha, kung'ata, leso, ugali, uongo wa kwanza na wa pili. Nililia huku nasema, kamasi na machozi pamoja, si jambo la kutazamwa.

Mzee Odero akauliza, "Ulibandika na nini, umesema?"

"Na ugali, Jaduong'."

"Ugali yangu?"

"Yako."

Mzee Ouma akatoa mlio kama birika linaloanza kuchemka. Akacheka, akashika ukuta, akacheka tena. "Aliing'ata! Odero, huyu mama ameng'ata shilingi yako!" Mimi nikajikuta nacheka katikati ya kilio. Odero hakucheka.

Ouma akajifuta macho, akamwangalia rafiki yake. "Omera, ndugu yangu," akasema, sasa bila kicheko, "huyu mama alikuwa na shaka na sanduku, akaifungua aone. Amekosa. Lakini wewe ulikuwa na shaka na mimi, na hukuniuliza hata swali moja."

Mzee Odero alinyoosha mkono hewani akitafuta bega la mwenzake, akalipata, akalishikilia. "Nimekosa, Ouma," akasema. "Nimekosa sana." Mimi nikakimbilia jikoni kutafuta kazi ya kufanya, maana hayo hayakuwa yangu kutazama.

Kisanduku nilikinunua. Kwa bei ile ile ya kwanza, bila kuomba nipunguziwe, na tangi la Mzee limeshafika. Niliogopa kukinunua kikiwa kizima, nikaja kukinunua kimeharibika! Friza inabaki ndoto, barafu nanunua kwa jirani. Mume wangu kila mgeni akija anamwambia, "Muulize mke wangu akuonyeshe friza yake," nami naleta sarafu, na gamba la samaki bado limo humo ndani. Sikulitoa. Linanifaa.

Basi nyinyi mnaowaza kununua hizi seti za zamani zilizofungwa, sikieni mtu aliyeungua. Kama hujui kutambua kibandiko, tafuta anayejua akutazamie kabla hujatoa shilingi. Kama huwezi kununua bila kufungua, usinunue kabisa, rudi kwenye samaki kama mimi. Ukishaharibu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajavishwa kosa lako. Na ukisikia vibaya juu ya rafiki yako, nenda ukamuulize, hata ukienda na hasira.

Niliwasomea wazee wangu wawili maneno haya kabla ya kuyatuma. Mzee Odero amekubali yatoke, ila ameniagiza niongeze moja: kwamba katika wakosaji wa kisa hiki, mimi ndiye mdogo, na mkubwa ni yeye.